Hita ya Mwezi wa Pili

Kila Jumapili jioni Quinton alirudi kutoka kwenye mbio za magari akiwa na midomo iliyokauka na macho mekundu, na kila Jumapili jioni mama yake, Merle September, alisimama mlangoni pa jikoni akimnusa.

Hakumsogelea. Alivuta hewa tu kijana akipita, akatafuta harufu ya pombe. Akiikosa ya pombe alitafuta ile nyingine, ya unga wanaouvuta kwenye balbu iliyotobolewa, ule uliomchukua mtoto wa nyumba ya kona na ndugu wawili wa nyuma ya kanisa. Hapo Bishop Lavis, mtaani kwao, mama hafundishwi kuogopa kitu hicho, anaamka nacho na kulala nacho. Lakini Quinton alinuka petroli na oili na jasho lililokauka, basi, na mgongo wa ovaroli lake ulikuwa umejaa mabaka meupe ya chumvi.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula, Mami. Watu wanakula nini?"

Akapita, akaenda kwenye chumba chake cha mbao nyuma ya nyumba, na haukupita muda Merle akamsikia anatapika kando ya ukuta wa gereji.

Basi akafikiri alichofikiri. Siku moja Quinton akiwa kazini, kule wanakotengeneza madirisha ya alumini, Merle aliingia chumbani mwake akapindua kila kitu. Aliinua godoro. Aliingiza mkono ndani ya viatu. Alipekua mifuko ya suti nyeusi aliyovaa kwenye mazishi ya baba yake. Hakupata kitu. Akatandika kitanda vizuri, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu Quinton hajawahi kutandika kitanda tangu azaliwe.

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilikuwa natandika."

"Mami. Nimeuliza ulikuwa unatafuta nini."

"Unatapika kila Jumapili, Quinton. Mtu mzima hatapiki bure."

"Kwa hiyo mimi navuta."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Umeinua godoro."

Tangu siku hiyo Quinton alichukua sahani yake jikoni na kwenda kula chumbani. Watu wawili katika nyumba moja, mmoja anakula mbele na mwingine anakula nyuma, na katikati kuna kamba ya kuanikia nguo. Merle aliwasha redio ili apate sauti ya mtu. Alishona pindo za sketi za shule za watoto wa jirani, akanyoosha, akakunja, na macho yake hayakutoka kwenye dirisha la uani. Alikuwa ameshampoteza mume. Alichoomba kila asubuhi ni kimoja tu, asimpoteze na huyu, na alimwona anampotea hivyohivyo, hatua chache tu kutoka jikoni.

Neville alipokuwa hai nyumba ile haikujua kunyamaza. Neville September alikuwa mtu wa kelele, mtu wa kucheka mpaka kikombe kinatikisika mezani, na alikuwa na gari dogo jekundu lenye turbo kubwa kupita kiasi. Wakati wa kula alilieleza kama mchungaji anavyoeleza Injili. Turbo inazungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini, alisema, nayo inasukuma hewa irudi ndani kwa nguvu, na gari linaruka. Lakini hewa ikisukumwa inapata moto, injini inapata moto, oili inapata moto. "Joto lazima ulipatie pa kwenda, Merle. Usipolipatia pa kwenda litajitafutia lenyewe." Merle alimjibu kwamba hata kuku wake anatafuta pa kwenda, maana friza lote limejaa barafu ya gari. Ilikuwa kweli. Alimgandishia maji katika mifuko ya mkate, na Jumapili Neville aliipanga juu ya kipozea hewa, lile sanduku la mbele linalopoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini.

Kule kwenye mbio kuna desturi, na ni vizuri ieleweke, kwa sababu ndiyo iliyoleta yote haya. Magari yanapanga foleni kungojea zamu ya kukimbia robo maili. Foleni ni ndefu na jua ni kali. Mwenye turbo kubwa hawashi injini kwenye foleni hata kidogo. Anaizima, boneti inafunguliwa, barafu inawekwa, na gari linasukumwa kwa mikono na watu wake, hatua kwa hatua, mpaka karibu na mstari. Hapo tu ndipo linawashwa. Kwa hiyo mtu haendi kule peke yake. Anakwenda na watu wa kumsukuma. Na kuna jambo jingine: gari la mtu haliguswi mpaka mwenyewe akuite. Ukiligusa hujaitwa umemtukana.

Neville alikuwa na watu. Alikuwa na Boeta Shafiek wa nyumba ya jirani, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye mtaa mzima unamwita Boeta, yaani kaka mkubwa. Alikuwa na Rodney, mume wa dada yake. Walimsukuma miaka yote.

Neville alikufa mwezi wa Juni kwa ugonjwa wa mapafu. Mbio zilipoanza tena baada ya mvua, Shafiek na Rodney walikwenda na Quinton kama walivyokuwa wakienda na baba yake, na Shafiek, kwa mazoea, akafungua boneti akaanza kupanga barafu.

"Acha," Quinton akasema. "Hiyo kazi ya Dedi."

"Dedi yako hayupo, kijana. Na barafu inayeyuka."

"Basi iyeyuke."

"Quinton, tunakusaidia."

"Nani kawaita?"

Akaifunga boneti kwa kishindo, na vidole vya Shafiek nusura vibaki ndani. Watu walikuwa wanatazama. Rodney akatema mate chini, wakaondoka. Hayo Merle hakuyajua. Alichojua ni kwamba Shafiek alikuwa akipita getini anasalimia haraka haraka na kuangalia pembeni, naye akadhani ni kwa sababu watu hawajui la kumwambia mjane.

Ilikuwa Jumapili ya Februari, upepo wa moto unashuka kutoka milimani na mbwa wamelala chini ya magari. Gadija, mke wa Shafiek, alikuja na sahani ya mandazi ya shira aliyoyaviringisha kwenye nazi. Kila Jumapili asubuhi hupeleka kwa majirani, Waislamu na Wakristo sawasawa. Quinton alikuwa ameshaondoka na gari.

Gadija hakuondoka baada ya kutoa sahani. Alishika geti.

"Merle, nikwambie kitu usinikasirikie?"

"Ukianza hivyo nishakasirika. Sema."

"Mwanao anajipika."

"Anajipika nini?"

"Anajipika yeye mwenyewe, kama kuku ndani ya oveni. Shafiek kamwona. Nimemwambia mwambie mama yake, anasema si mambo yake, hakuitwa. Wanaume hawa! Mtoto afe kwanza ndipo waitwe kubeba jeneza."

"Gadija, zungumza nielewe."

Gadija akaeleza alivyoelezwa na mumewe. Quinton hana wa kumsukuma, kwa hiyo foleni nzima injini inanguruma. Injini ikinguruma imesimama inapata moto. Na mshale wa joto ukipanda, Quinton anawasha hita.

"Hita?"

"Hita. Ile ya ndani, ya baridi ya Julai. Inavuta joto la injini inalipuliza ndani kwake. Injini inapoa kidogo, yeye anaungua. Na madirisha keshatoa vioo kaweka plastiki ili gari liwe jepesi, hayafunguki. Na ovaroli, na helmeti. Wenzake wanamcheka. Wanamwambia alete unga waoke mkate."

Merle alishika sahani ya mandazi kwa mikono miwili. Alikumbuka ile midomo, yale mabaka ya chumvi, na kutapika kule. Miezi yote alinusa pombe, alinusa unga, na kitu chenyewe hakina harufu.

"Neville alikuwa akifanya hivyo," alisema polepole. "Ile hita. Tukirudi kutoka ufukweni na foleni imesimama. Alifungua madirisha yote akawasha, kidogo tu, tunacheka, mpaka magari yasogee."

"Kidogo tu," Gadija akasema. "Na madirisha wazi."

Mwenye mwana aangalie hapo. Kijana hakuvumbua ujinga wake mwenyewe. Alishika neno la marehemu baba yake, akalishika kwa nguvu zote, bila kujua baba mwenyewe alikuwa akiliachia wapi.

Shafiek alikuwa anapakia sanduku la barafu kwenye pikapu, anakwenda kumsukuma mpwa wake. Merle akafungua mlango wa abiria akaketi, na aproni yake kiunoni.

"Merle, unakwenda wapi?"

"Unapokwenda."

"Kule si mahali pa..."

"Boeta, washa gari."

Njiani Shafiek alijaribu kujitetea, na Merle hakumjibu. Alitazama nje, viwanda, mchanga, uzio wa waya wenye mifuko ya plastiki iliyonasa. Hajawahi kwenda huko hata siku moja. Neville alimwita kila mwaka, naye kila mwaka akasema ana kushona. Sasa alikuwa anakwenda, na hakuna aliyemwita.

Walisikia uwanja kabla ya kuuona. Ndani kulikuwa na moshi wa matairi na nyama ya kuchoma, watoto juu ya mabega, akina mama kwenye viti vya kukunja chini ya miavuli, miguu ndani ya beseni za maji. Kila gari kwenye foleni lilikuwa na familia yake. Wanne nyuma wanasukuma, mmoja mbele na mfuko wa barafu, mmoja anapepea injini kwa boksi, na matusi ya upendo yanaruka juu ya vichwa.

"Sukuma, Faldie! Au ulikula kiamsha kinywa cha bibi harusi?"

"Nasukuma, wewe umekanyaga breki!"

Katikati yao kulikuwa na gari moja jekundu lenye boneti iliyofungwa. Hakuna mtu mbele yake, hakuna mtu nyuma. Lilinguruma, likasogea kidogo, likasimama, likanguruma. Nyuma na mbele watu waliliachia nafasi, kama wanavyomwachia nafasi mtu mwenye kikohozi kwenye benchi la kliniki.

Merle alilitambua kabla hajaona namba. Alisimama. Kijana wake alikuwa hivyo kila Jumapili, mbele ya umati wote ule.

Kijana mmoja akapiga kelele kutoka foleni ya pili, "September! Una baridi humo? Tukuletee blanketi?" Watu wakacheka. Si kicheko kibaya sana. Ni kile cha kungoja mtu ajibu, atukane, kisha awaite waje kusaidia. Lakini gari lilinguruma tu, likasogea kidogo.

Shafiek alifika kwenye kamba ya foleni akasimama, na sanduku lake la barafu mkononi.

"Mimi siwezi kwenda pale, Merle. Hakuniita."

"Hata mimi hakuniita," Merle akasema, akainama akapita chini ya kamba.

Dirisha lilikuwa limekwaruzika, jeupejeupe, na nyuma yake kulikuwa na helmeti imenyooka, inatazama mbele. Merle akagonga. Helmeti haikugeuka. Akagonga tena kwa pete. Magari mawili tu yalikuwa yamebaki mbele yake, na mtu wa mstari, mwenye fulana ya njano, akampungia mkono asogee. Gari likasogea kwa kuruka, nusura lizimike, likashika tena.

Merle akalifuata akafungua mlango.

Joto lililotoka mle ndani lilimpiga usoni akarudi nyuma. Alishafungua oveni maelfu ya mara, lakini katika oveni hakuwahi kuona mtu. Hita ilikuwa inapuliza kwa sauti. Quinton alikuwa amefungwa mikanda minne, mikono imeshika usukani, na ndani ya uwazi wa helmeti uso wake ulikuwa mwekundu na mkavu. Mkavu kabisa. Hakuna tone. Mama aliyelea mtoto mwenye homa anajua uso wa namna hiyo. Mtoto anayetoka jasho bado anapigana.

"Quinton."

Akageuka. Macho yalimtazama yakapita.

"Mami," akasema kwa ulimi mzito. "Umekuja na Dedi?"

"Toka kwenye gari, mwanangu."

"Mwambie alete barafu. Mwambie... foleni inakwenda. Yuko wapi na barafu?"

"Toka. Tafadhali."

"Bado wawili." Akanyoosha mkono afunge mlango, mkono ukapapasa hewa. "Mami, wananiangalia. Toka hapo."

Merle akatafuta kitufe cha mkanda hakukiona. Alivuta, mkanda ukakaza. Akatafuta hita, vitufe vyote vilikuwa vimebandikwa vikaratasi vya mwandiko wa Neville, na machozi hayakumwacha asome. Mshale wa joto alioujua ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Basi akaona ufunguo. Ule aliujua.

Shafiek, kule kwenye kamba, akaona mkono wake.

"Merle, usizime!" akapiga kelele. "Usizime ghafla! Utaua turbo!"

Hilo nalo alilijua. Neville alilisema mezani mara nyingi kuliko sala ya chakula. Turbo ya moto haizimwi ghafla. Oili ikisimama ndani yake inaungua, inakuwa makaa, na chuma kinashikana. Unaiacha ipumue kwanza, taratibu. Hata alipokuwa anakohoa damu Neville aliketi garini akingoja turbo ipumue. Ni yeye aliyeijenga injini ile, bolti kwa bolti, kwa majira matatu ya mvua, na Quinton amekaa juu ya ndoo anamshikia taa. Hakuna kingine alichomwachia.

Merle akauzungusha ufunguo.

Kelele ikakatika. Mvuke ukapanda kutoka chini ya boneti, na kitu ndani kikalia, kwi, kwi, kwi, chuma kinajikunja. Quinton alifungua kinywa kana kwamba yeye ndiye aliyezimwa. Kisha kichwa kikaanguka mbele juu ya mikanda.

"Mwanangu!" Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani anayo. "Njooni! Nawaita! Jamani, nawaita, njooni!"

Walikuja wote. Shafiek aliruka kamba na unene wake, kijana wa blanketi alikuja, watu wa gari la nyuma waliacha gari lao katikati. Mtu akabonyeza mkanda mahali ambapo Merle hakupaona, wakamtoa, wakamvua helmeti, wakachana ovaroli. Mtu mmoja alikimbia na mfuko wa barafu kuelekea kwenye boneti, mazoea, na Shafiek akamnyang'anya.

"Siyo huko! Huku!"

Barafu ya mpwa wake yote waliiweka kwapani mwa Quinton, shingoni na kwenye mapaja. Akina mama walikuja na beseni walizokuwa wametia miguu, wakammwagia. Mmoja alimpepea kwa mfuniko wa boksi la keki. Dada wa gari la wagonjwa alipofika alimgusa, akatazama kipimo chake, akasema tu, "Endeleeni, msiache, bado yuko moto sana," na Merle alikuwa amepiga magoti kwenye lami, lami inamchoma, anashika barafu kwenye shingo ya mwanawe mpaka vidole vyake vikafa ganzi.

Gari jekundu lilikaa peke yake mlango wazi. Hakuna aliyelitazama.

Hospitali walimrudishia uhai. Figo zilikuwa zimeumia. Daktari, msichana mdogo mwenye macho ya usingizi, alisema angechelewa kidogo tu yangekuwa maneno mengine. Alimwambia Merle kwamba joto la namna ile linaanza kwa kichwa kuuma na kutapika, na linaweza kumjia mtu Jumapili nyingi kabla ya kumchukua.

"Hakuna aliyeona dalili nyumbani?"

"Niliziona," Merle akasema. "Nilizipa jina jingine."

Siku ya tatu Quinton alikuwa na akili zake zote. Shafiek alikuwa amekuja, amekaa kwenye kiti kilicho kidogo kwake, kofia mapajani. Gari wameshalivuta mpaka gereji. Quinton hakuuliza habari za figo.

"Injini?"

Shafiek akaangalia kofia. "Turbo imeshikana, kijana. Haizunguki hata kwa mkono. Na kichwa cha injini, nadhani, kimepinda."

"Nilikuwa kwenye mstari."

"Karibu na mstari."

"Nani aliizima?"

Shafiek alikohoa. Merle aliona anamwandalia uongo, mtu mzuri yule, uongo tayari mdomoni. "Sasa, unajua, ile injini ilikuwa imepata moto, na zikipata moto wakati mwingine zinajizima..."

"Ni mimi," Merle akasema.

Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo siku nyingi baadaye, jikoni, redio ikisema. Angenyamaza, kijana angedhani injini ilikufa yenyewe, angemshika mkono mama yake, na wangelia pamoja. Lakini alikuwa ameshaingia chumbani mwake mara moja kwa siri. Hakuweza kuingia tena.

"Ulijua?" Quinton akauliza. "Dedi alikwambia. Ulijua itakuwaje."

"Nilijua."

Akageukia ukutani. Shafiek akaondoka kwa kunyata. Merle aliketi akitazama mgongo wa mwanawe chini ya shuka la hospitali, akaona unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na hakuondoka mpaka walipomwambia muda umekwisha.

Quinton alirudi nyumbani, na daktari alikataza chumba cha mbao, kinashika joto. Basi akalala chumba cha mbele. Sasa walikuwa chini ya paa moja, na ukimya ulikuwa mkubwa zaidi kuliko wakati ule wa kamba ya nguo katikati. Alijibu kwa kichwa. Alikula alichopewa. Watu walikuja, Rodney, kijana wa blanketi ambaye jina lake ni Denver, hata mtu wa fulana ya njano. Quinton aliwasikiliza mlangoni, akawashukuru, hakuwakaribisha ndani. Merle alisikia Denver akisema, "Tukilijenga tena utatuita, siyo?" kisha akasikia mlango unafungwa.

Akina mama wa kanisani walimwambia Merle amshukuru Mungu. Alimshukuru. Lakini pia aliwaambia, mmoja mmoja, mlangoni, akiwashika mkono wasiondoke kabla hajamaliza, "Kama wako anakwenda kule, usimuulize tu kama ameshinda. Muulize nani alimsukuma. Akisema hakuna, nenda wewe." Wengine walidhani ni huzuni inayomsemesha.

Daktari aliagiza maji, kila wakati maji. Merle aliweka glasi kwenye meza ndogo kando ya kiti alichokaa Quinton, akarudi kwenye cherehani. Ikipungua aliijaza. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Wiki zikapita hivyo, upepo wa kusini ukarudi ukapoza mabati, sketi za shule zikaja na kwenda.

Alasiri moja alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano, amekodoa macho, aliposikia sauti nyuma yake.

"Haya maji yamepata moto."

Hakugeuka haraka. Aliweka sindano chini. Quinton alikuwa ameinyoosha glasi kuelekea kwake, uso umekunjwa, uso wa mtoto anayelalamikia chakula, si zaidi ya hapo.

"Nipe," Merle akasema.

Akaichukua mpaka jikoni, akamwaga, akafungua bomba. Maji ya kwanza yalitoka na joto la paa. Aliweka mkono chini yake akangoja yapoe, na yalipopoa akaendelea kungoja, yeye ambaye maisha yake yote hajawahi kuacha maji yamwagike bure, kwa sababu aliogopa akirudi mapema mno atakuta kijana hana kingine cha kumwambia.